Bandeji za Kokoto na Amani ya Sebule Yangu

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Ngumi za Kulipwa.

YAH: OMBI LA KUFUTA KIPIGO CHA MKWE WANGU

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajumbe wako wote, na kama kuna mgonjwa hapo ofisini apone upesi maana nitamhitaji kwenye kikao. Mimi ni mama mkwe wa bondia mnayemwita Tingatinga, yule aliyeangushwa na Kokoto Jumamosi iliyopita kabla muuza karanga hajamaliza kupita safu ya mbele. Ninaishi kwake, pamoja na binti yangu ambaye ndiye mkewe, na wajukuu wanne. Si kawaida yangu kulalamika. Waulize majirani, na wakikwambia vingine ujue wana lao.

Ninalalamika kwamba bandeji alizofungwa Kokoto mikononi kabla ya kuvaa glavu zilichezewa. Ndani yake kulikuwa na kitu kigumu. Sijui ni saruji, sijui ni ule unga mweupe wanaofungia mifupa iliyovunjika hospitalini. Hiyo ni kazi yenu kuchunguza. Kazi yangu ni kukupa sababu, nazo ni hizi.

1. Jina. Mtu haitwi Kokoto bure. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kamati ilipaswa kumkagua tangu siku alipojiandikisha.

2. Mlio. Nimefua, nimetwanga, nimelea watoto watundu, kwa hiyo milio naijua. Kitambaa kikimpiga mtu husema pu. Ngumi ya Kokoto ilisema ko. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ya majaji na nilisikia sawasawa, ingawa kuona sikuona, maana nilikuwa nimefumba macho kwa huruma.

3. Adabu. Hapa nakuomba usome taratibu. Kanuni yenu inataka kila upande upeleke mtu kwenye chumba cha upande wa pili, akashuhudie mikono inavyofungwa, kisha aweke sahihi juu ya plasta ili mtu asije akaifungua na kuongeza mambo yake. Sisi upande wetu tuna kocha na mbeba ndoo basi, na wote wawili walikuwa wakimtuliza Tingatinga, ambaye tumbo lilikuwa limemchafuka, si kwa woga, ni hali ya hewa. Nikatumwa mimi.

Nilipoingia, Kokoto alisimama. Aliniamkia kwa kuinama. Akaagiza niletewe kiti chenye mto, na chai, na kocha wake akaniuliza habari za wajukuu mmoja mmoja. Sasa nikuulize, Mwenyekiti, bondia mwenye mikono safi ana haja gani ya kumtafutia mto mama mkwe wa mpinzani wake? Nilikaa pale mwanzo hadi mwisho, macho yangu kwenye ile mikono, nikaona bandeji, kisha plasta, kisha bandeji. Sikuona kitu kingine chochote, na hilo ndilo lililonitia shaka. Hata bandeji ilipowasumbua kwenye kidole gumba, ni mimi niliyewashikia ncha. Fikiria mtu mzima kama mimi kuingizwa kwenye uhalifu huku nikishukuru kwa chai. Kisha nikatia sahihi. Naomba sahihi hiyo isihesabiwe, kwa sababu nilikuwa nimeshiba.

4. Refa. Alihesabu kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Kati ya nne na saba sikusikia kitu.

5. Dalili za mgonjwa. Tingatinga alipoinuliwa, alimwambia refa, "Shikamoo, mama." Kisha akaenda kukaa kwenye kigoda cha Kokoto na kuomba maji, nao wakampa; unaona adabu tena. Kitambaa kitupu hakiwezi kumsahaulisha mtu kona yake. Na mpaka leo hajapona, maana kila tunapopishana kwenye korido ananiamkia. Akienda kuoga ananiamkia, akirudia taulo ananiamkia, akitoka kuoga ananiamkia. Nami siwezi kuiacha salamu ya mkwe ianguke chini, naitikia marahaba mpaka koo limekauka.

6. Hapa sasa ndipo penye kidonda. Kabla ya pambano, Tingatinga aliapa pale sebuleni mbele yangu na mkewe kwamba akipigwa na Kokoto atatundika glavu na kukaa nyumbani na familia yake. Tulimwitikia vizuri kwa sababu tulijua atashinda. Sasa amepigwa, na ni mtu wa kutimiza ahadi, amekaa.

Ndugu Mwenyekiti, nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule moja, na mchana ile sebule ilikuwa yangu. Yeye kambini, binti yangu kazini, wajukuu shuleni, nami navua kitambaa cha kichwa, nanyoosha miguu juu ya kochi, nakoroma kwa nafasi. Nimezeeka nikiisubiri raha hiyo. Mbele ya mkwe mtu hakoromi. Siku hizi nakaa wima na kitambaa changu kichwani, tunatazamana mimi na mwanaume wa uzito wa juu anayeniuliza kama ningependa abadilishe stesheni. Anaruka kamba kwenye korido. Anapigana na pazia, na pazia ndilo linaloshindwa. Jana alifunua sufuria yangu, akaonja mchuzi, akasema, "Mama, chumvi imepungua kidogo." Mchuzi ule ameula tangu siku ya posa na hakuwahi kufungua mdomo ila kumeza.

Nisieleweke vibaya. Ninampenda mkwe wangu, ni kijana mwema. Akiwa kambini nampenda zaidi. Lakini usingizi wangu umeniponyoka, na ukifuatilia vizuri utaona mwizi wake ni ile bandeji.

Kwa hiyo naiomba kamati yako yafuatayo:

(a) Kipigo kifutwe, ili kiapo nacho kifutike.

(b) Yaandaliwe marudiano, na kambi ya maandalizi isipungue miezi sita, mahali ambapo usafiri wa kurudi wikendi ni wa shida.

(c) Kuanzia sasa mikono ya kila bondia ikaguliwe na mama mkwe wake mwenyewe. Hakuna binadamu anayemkagua mwanaume kwa makini zaidi, na tumekuwa tukiifanya kazi hiyo bure miaka yote. Mabondia ambao hawajaoa waazimwe mama mkwe wa mwenzao.

(d) Hayo yakishindikana, bandeji zipigwe marufuku na watu wapigane mikono mitupu. Mikono mitupu nayo ikionekana migumu, wapigane kwa mito.

Nisalimie wajumbe wote, na katibu wako anayepokea simu kwa sauti ya usingizi, namwonea wivu. Msalimie refa, mwambie yamepita. Hata Kokoto mwenyewe nisalimie, na kocha wake, mwambie kwamba kikohozi cha yule mjukuu wa tatu kimekwisha.

Ni mimi ninayesubiri majibu nikiwa nimekaa wima,

Mama Mkwe wa Tingatinga

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, binti yangu amerudi kutoka kazini na kuisoma barua hii. Amefurahi kupita kiasi. Amesema kama marudiano yatakubaliwa, yeye amechoka kuachwa kama kikapu. Ataomba likizo aende kambini na mumewe kwa miezi yote sita, nami nitabaki hapa na wajukuu wote wanne. Ameshaanza kutafuta sanduku. Ndugu Mwenyekiti, nimetulia na kumbukumbu imenirudia. Bandeji zile nilizitazama kwa macho yangu tangu zilipoanza kufungwa, zilikuwa safi kuliko shuka zangu, na Kokoto ni kijana aliyelelewa. Msifute kitu. Na kama kanuni zenu zinaruhusu, mkwe wangu mfungieni maisha.