Ndoo ya Waziri wa Kawi

Siku redio ya Petronilla, mwenye kibanda cha chai, iliposema kwamba nchi hii inaweza kupika, kuwasha taa na hata kuendesha viwanda kwa mavi ya ng'ombe, mabua na makapi ya miwa, kibanda kizima kiligeuka kumtazama Ekisa. Kwa muda mrefu walikuwa wamemcheka. Alikuwa amechimba shimo la biogesi nyuma ya nyumba yake, mgongoni mwa kibanda hicho pale Malaba, mpakani, kando ya foleni ya malori, naye hakuwa na ng'ombe hata wa kuchora. Kila asubuhi alifuata ng'ombe wa Mzee Omagor na ndoo, akizoa walichoangusha. Wakambandika jina: Waziri wa Kawi.

"Si niliwaambia," Ekisa akasema. Alijaribu kutotanua kifua, kikajitanua chenyewe.

Omagor akaweka kikombe chini polepole. Maisha yake yote aliwatazama ng'ombe wake upande wa pembe. Ule upande mwingine hakuwahi kuuwazia. "Kwani hiyo mali unaokotanga ni ya nani?"

Ekisa akamjibu kwamba kitu kikianguka barabarani ni cha barabara. Omagor akataka kujua kama hata yeye mzee akianguka barabarani atakuwa wa barabara.

Hapo Morris akaingilia. Yeye ni wakala wa kupitisha mizigo mpakani, kijiweni wanamwita Forodha, na akisikia neno mali hawezi kunyamaza. Akauliza hao ng'ombe wanakula wapi. Akaambiwa wanalishwa kwa shemeji yake Omagor, ng'ambo ya mto, upande wa Uganda.

"Basi hiyo ni mafuta imeingizwa nchini kwa tumbo," Morris akasema. "Nyasi ni ya Uganda, tumbo ni ya Kenya. Boss, hiyo kesi si ya chifu."

Kesho yake Omagor akatembea nyuma ya ng'ombe wake na ndoo yake mwenyewe. Ekisa akawa nyuma ya Omagor, na Morris nyuma ya wote wawili, kuamua kila rundo ni la nchi gani. Ng'ombe nao, kwa kukodolewa macho hivyo, wakaona haya wakajibana. Madereva wa malori wakashuka kutazama. Ekisa hakujali vicheko, alikwisha kuvizoea. Kilichomkata maini ni puto la kukusanyia gesi pale shimoni, lililokuwa limeanza kuvimba, na sasa lilikuwa likinywea kama shavu la kibogoyo.

Kisha makaa kutoka ng'ambo yakaadimika. Asubuhi moja wakamkuta Petronilla ameketi mbele ya jiko baridi, mikono kifuani.

"Shimo ni ya Ekisa, ng'ombe ni ya Omagor, sufuria ni yangu," akawaambia. "Mkinipatia moto, nafungua. Mkikosa, kila mtu akunywe chai kwa bibi yake."

Tishio hilo liliwaingia wote. Omagor akabeba ndoo mwenyewe mpaka shimoni, Morris akatangaza kwamba mzigo umeruhusiwa kupita, na ng'ombe, walipoachwa na faragha yao, wakawa wakarimu.

Puto lilipojaa, Ekisa akavuta mpira wa gesi hadi kibandani, akafungua koki, akawasha kiberiti. Moto wa samawati ukasimama. Petronilla akateleka sufuria, chai ikachemka, akawamiminia.

Hakuna aliyeinua kikombe. Morris akanusa chake, akakumbuka kwamba daktari alimkataza majani ya chai. Watu waliotaka kuumizana kwa ajili ya mavi sasa waliogopa chai.

Ekisa akawatazama mmoja mmoja. Kisha akainua kikombe chake, akanywa mpaka masalio, akaomba kingine.

Omagor akamtazama kwa muda, kama anayengoja mtu aanguke. Mtu hakuanguka. Akavuta kikombe chake, akaonja, akafumba macho.

"Ni tamu," akakiri. Akajipangusa ndevu. "Lakini mwelewe vizuri: waliopika hapa ni ng'ombe wangu."