Chanjo ya Karatasi ya Nailoni

Jumatatu, 14 Januari 2019. Githongo.
Gacheri, mke wangu, ameniachia kazi moja tu: kuezeka grinihausi yake ya nyanya. Zikiiva, zote zitauzwa kwa jiko la shule ya bweni. Mwalimu mkuu ameshakubali. Sijamwona Gacheri na furaha hivi tangu harusi.

Jirani Salesio, mtu wa ushauri usioombwa, amesema ninunue karatasi ya nailoni nzito kama ya grinihausi yake, iliyotiwa dawa ya kuzuia jua. Bei yake! Nimechukua ile nyembamba ya kufunikia kahawa ikianikwa. Dawa nitaitia mwenyewe. Ng'ombe huchanjwa kwa kuonjeshwa ugonjwa kidogo ili auzoee. Karatasi nayo ionjeshwe jua. Ajabu hakuna aliyewaza haya kabla yangu.

Jumamosi, 23 Februari.
Tangu siku ile karatasi imekaa juu ya mabati, imevutwa kabisa na kubanwa kwa misumari. Leo nimeing'oa. Uso uliotazama jua umekuwa mgumu. Karatasi ilipolegea, uso huo ukajikunja mikunjo midogo midogo, kama utando wa uji uliopoa. Chini bado laini. Mwanga ukipita unakuwa mweupe, sawasawa na kwa Salesio!

Nimeezeka; nyanya chini yake tayari zina matunda mabichi. Gacheri alipapasa, akauliza mbona inakwaruza. Nikamwambia ndiyo dawa hiyo. Akaniamini. Nilifurahi kupita kiasi.

Jumatatu, 18 Machi.
Madam Rwamba, afisa wa kilimo, amepita. Nyanya zimeanza kuwa nyekundu. Akabonyeza karatasi kwa kidole. Kidole kikatokea upande wa pili. Akasema jua huunguza plastiki isiyo na kinga: ngozi ya juu hukakamaa, hujikunja, kisha mikunjo inakuwa nyufa. Niitoe kabla ya mvua.

Nilimshukuru sana. Watu wa diploma hawajui chanjo. Gacheri nimemwambia Madam amezisifu nyanya. Na kweli alizisifu.

Alhamisi, 21 Machi.
Mvua ya mawe! Paa limepasuka kila penye mkunjo. Nyanya zote chini, zimepondeka. Gacheri alisimama katikati na kikapu kitupu. Hakulia. Aliuliza tu, "Baba Mukiri, si Madam alikuambia utoe hiyo paper?" Kumbe walikutana sokoni. Niliona aibu.

Shule itanunua kwa Salesio. Amekuja kutupa pole. Na ushauri.

Jumapili, 24 Machi.
Nimemwomba Gacheri msamaha. Amesema jambo moja: nisiguse tena plastiki yoyote ya boma hili. Nimekubali kwa moyo wote.

Halafu nikafikiri. Nilichanja upande mmoja tu! Ng'ombe gani huchanjwa nusu?

Karatasi ya kahawa imekwisha. Lakini meza ya sebuleni ina ile plastiki nyororo ya maua, zawadi aliyopewa Gacheri na kina mama wenzake. Yeye yuko kanisani. Jua limetoka vizuri. Misumari ninayo.