Miguu Haionekani Kwenye Suruali

Jumatatu, 4 Agosti

Mambo yameiva! Shangazi Nashilu katuita vijana wa ukoo kwake Moshono kupanga sendofu ya binti yake, Diana. Ni Jumamosi ya wiki ijayo. Amekataa katakata ndafu isukumwe kwenye meza ya magurudumu. Anasema mbuzi mzima aliyeokwa kwa heshima si mfuko wa sementi. Atabebwa na kijana mmoja wa ukoo, mwenye nguvu, mbele ya watu wote.

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Eliud naye akanyoosha. Huyu ni binamu yangu, anaimba besi kwenye kwaya, na vifungo vya shati lake vinashikilia kwa neema tu. Shangazi akasema ataamua Jumatano ya wiki ijayo. Akaeleza pia habari za kushuka mbele ya Bibi na kuinuka tena. Sikusikiliza sana, maana Tabea alikuwa anapita na chai.

Tabea ni rafiki wa Diana. Siku hiyo atakaa meza ya mbele. Nampenda, basi, nimeshaandika. Akiniona na mbuzi mzima mikononi, maneno yameisha.

Kasoro moja: mikono yangu ni myembamba. Kesho naanza tizi, mazoezi ya vyuma.

Jumanne, 5 Agosti

Jimu ya Kocha Lemomo, nyuma ya mashine ya kusaga. Vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kocha kanitwisha chuma mabegani, akaniambia nichuchumae, niinuke. Nikamwuliza mikono tunaanza lini. Akasema miguu kwanza, mikono baadaye, na kwamba siku kumi hazimjazi mtu hata kidevu. Nikamwelewesha kwamba miguu haionekani kwenye suruali.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," akasema.

Mimi sitaki cha uvunguni, nataka cha mezani! Nikahamia kona ya mikono. Eliud alikuwepo, anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka, kama mtu aliyedondosha ufunguo. Nilimhurumia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane! Nimeenda viwanjani Njiro kutafuta ushauri wa chakula, maana kwenye simu kila mtu anasema lake. Mmoja anataka mayai, mwingine maharage, wa tatu anauza unga wake mwenyewe kwenye kopo. Nikaona fahali. Jamani, lile bega! Nikamfuata bwana mifugo, nikauliza ananeneshwa kwa chakula gani. Akauliza nina ng'ombe wangapi. Nikasema mmoja, dume. Akauliza umri. Nikasema miaka ishirini na sita.

Akajibu kwa upole: mashudu ya alizeti, pumba, na maji ya kutosha.

Mashudu! Na gunia liko nyumbani, la ng'ombe wa dada Elinipa. Fahali yule hajawahi kukanyaga jimu maisha yake yote.

Jumapili, 10 Agosti

Nachanganya mashudu kwenye loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, asubuhi na jioni. Ladha ni ya banda. Lakini nasikia kitu kinaota, ingawa mpaka sasa kimeotea tumboni. Ibadani nimetoka mara tatu, na mara ya tatu mchungaji alisimamisha mahubiri kunisubiri.

Mikono inauma, siwezi kushika kitabu cha nyimbo. Dalili nzuri.

Dada analalamika maziwa yamepungua, hajui ng'ombe kapatwa na nini. Nikamwambia labda ni baridi ya Agosti. Sasa anamvalisha ng'ombe blanketi langu.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya uamuzi. Nimejipima mbele ya kioo. Mkono ni uleule. Ikabidi nitumie akili.

Niliwahi kwa shangazi, nikamwamkia, nikakaa kwa huzuni. Nikamwambia Eliud ni kijana mzuri sana, ila anaficha ugonjwa. Mgongo. Akibeba ndafu tutamzika. Nikamsihi asimwulize, maana ataona aibu. Shangazi akashika kifua, akasema Mungu anibariki kwa kumjali ndugu yangu. Ndafu ni yangu!

Baadaye jioni. Lo! Tabea alikuwa jikoni, kasikia kila kitu. Kampelekea Eliud supu. Tena kamtafutia kiti cha mto ukumbini, meza ya mbele, na atakaa pembeni yake amwangalie. Eliud haelewi kitu ila supu anakunywa.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika nikiwa nimelala. Mapaja si yangu.

Jana muziki ulipopigwa niliingia na sinia. Mbuzi anang'aa, majani mdomoni, ukumbi mzima vigelegele. Mikono ilishika, niseme ukweli. Tabea alinitazama! Nikafika mbele ya Bibi, nikashuka mpaka chini ili aguse pembe na kubariki.

Bibi hana haraka na Mungu. Aliombea Diana, akaombea wakwe, akaombea kahawa na migomba, akaingia kwenye wajukuu mmoja mmoja. Alipofika kwangu magoti yalikuwa yanagongana. Tukasema amina. Nikajiinua. Sikuinuka. Nikajaribu tena. Muziki ukaisha, ukaanzishwa upya.

"Inuka, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Nimemaliza."

Nilitamani sakafu ipasuke. Ndipo Eliud akatoka kwenye kiti chake cha mto, akachuchumaa, akatwaa sinia kwa mkono mmoja, akanishika kwapa kwa mkono wa pili, akainuka na sisi wote wawili. Mimi na mbuzi! Ukumbi ukalipuka. Tabea alikuwa analia waziwazi. "Na mgongo wake ule!" akasema.

Shangazi ameutangaza ule mgongo kwenye kipaza sauti. Sasa Eliud ni shujaa wa ukoo.

Jumanne, 19 Agosti

Tabea na Eliud wameonekana soko la Kwa Mrombo wakinunua ndizi pamoja. Tabea ndiye aliyebeba mkungu, eti mgongo wa Eliud upumzike. Roho inaniuma, sifichi.

Lakini sijakata tamaa. Desemba ni sendofu ya Angel, mdogo wake Diana, na shangazi ameshaanza kupanga. Safari hii nimejifunza. Nimemwambia Kocha Lemomo kuanzia kesho ni miguu tu, mikono sigusi, kwani koti langu lina mikono mirefu, nani ataiona? Gunia la mashudu bado nusu. Na shangazi nimeshamdokeza, kwa huzuni, kuhusu magoti ya Eliud.

Alikuwa anaeleza kwamba wakwe wa Angel wana desturi yao, ndafu huinuliwa juu ya kichwa mpaka wimbo uishe. Sikusikiliza sana. Tabea alikuwa anapita na chai.