Mwenye Nyumba Aliyejifungia Chumbani

Leo nimejiaibisha, tena nyumbani kwangu mwenyewe. Nawasimulia mapema kabla habari haijafika sokoni Mwatate, maana huko itafika imetiwa chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Walimu wenzangu, mnajua kwamba tangu nihamishiwe shule hii ya Ronge nimeipangisha nyumba yangu ya Voi. (Mnajua kwa sababu sijanyamaza.) Nyumba ya mawe, vyumba vitatu, bati juu, saruji chini. Niliijenga kwa mshahara wa ualimu, bila mume wa kunishikia ngazi. Wapangaji wangu wa kwanza maishani ni Salim, kijana wa Taveta anayeuza vitunguu sokoni Voi, na mkewe Zuhura. Watu wapole. Niliwapa vyumba viwili na jiko. Cha tatu nikakifunga na vitu vyangu ndani: godoro kuukuu, magunia, redio mbovu ya betri. Na ufunguo wa pili wa mlango wa mbele nilibaki nao. Hawakujua. Sikuona sababu ya kuwaambia. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba.

Basi leo Jumamosi nikasema nishuke Voi nikakague. Sikupeleka habari. Ukimwarifu mpangaji, utakagua ufagio wake, si nyumba yako. (Nilijiona mjanja sana.) Nikavaa gauni langu la mikutano ya wazazi, nikachukua mwavuli, nikateremka.

Nilipofika nikabisha hodi. Kimya. Nikazunguka mlango wa nyuma, nikabisha tena. Kimya vile vile. Mtu mwingine angerudi alikotoka. Mimi nikarudi mlango wa mbele, nikatoa ufunguo, nikaingia na kufunga nyuma yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Nilitarajia masizi ukutani na vitunguu vimemwagwa sebuleni. Nikakuta kuta zimepakwa chokaa upya, sakafu inang'aa, mkeka mpya umetandikwa na viti vimepangwa. Nilipoishi mimi sebule ile haikuwahi kuwa safi namna hiyo. Niliumia kidogo. Nikapitisha kidole juu ya fremu ya mlango nitafute vumbi. Hakuna. Nikaenda jikoni kutafuta kosa.

Mezani palikuwa na sinia limefunikwa kwa kawa. Nikafunua, kukagua tu. Mahamri, bado yana moto, yananukia iliki. Nikachukua moja. (Msinitazame hivyo. Nilitoka hapa bila chai.)

Nimeuma mara moja tu, nikasikia sauti za watu zinakaribia nyumba. Watu wengi. Na Salim anasema, "Karibuni, karibuni, ndiyo hapa."

Hapo ningeweza kusimama sebuleni niwakaribishe. Lakini ningesema nimeingiaje? Mkono wa kulia ufunguo wa siri, mkono wa kushoto hamri la watu. Nikakimbilia chumba changu, nikafungua, nikaingia, nikajifungia kwa ndani. Nikajiambia, Wakesho, hiki ni chumba chako kihalali. Hakuna wa kukushtaki.

Nikaliendea dirisha. Nondo. Nilimwagiza mwenyewe fundi aweke nondo nene ili mwizi asipite. Yule fundi alifanya kazi nzuri. Hata mwalimu hapiti.

Wageni wakaketi upande wa pili wa mlango, nami nikawa nasikia kila neno. Nikaelewa kwamba akina Salim wote walikuwa wamekwenda stesheni kuwapokea kwenye treni ya Taveta, na kwamba ni watu wa posa. Wamekuja kumposa Mariamu, mdogo wake Zuhura, anayekaa nao pale. Msemaji wao alikuwa shangazi wa kijana, mama mmoja wanamwita Bi Halima, mwenye sauti ya kufundishia. Akamsifu msichana. Akasifu nyumba pia: "Nyumba njema, ina mwanga." Mimi huko chumbani nikatabasamu, nikakaribia kuitikia asante.

Wakafika penye maneno yenyewe. Salim akasafisha koo. Na hapo hapo vumbi la magunia likaniingia puani. Nikabana pua. Nikabana na macho. Haikusaidia. Nikapiga chafya, na mnajua nikipiga chafya mimi darasa la jirani hunyamaza.

Sebuleni nako wakanyamaza.

"Kuna nani humo?" Bi Halima akauliza.

"Hakuna mtu," Salim akajibu. "Ni chumba cha mwenye nyumba. Ufunguo anao yeye huko milimani. Labda ni panya."

"Panya hapigi chafya, mwanangu."

Nikapiga ya pili.

Nikasikia viti vinasogezwa. Mzee mmoja akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Mwingine akasema huyo ni mwizi, akaomba apewe mchi. Bi Halima akasema polepole, "Salim, hatukuambiwa kwamba nyumba hii ina majini. Natutoke nje kwanza. Maneno ya posa tutayazungumza siku nyingine."

Kisha nikasikia msichana analia jikoni, na Zuhura anambembeleza, "Nyamaza, Mariamu. Watarudi." Ukimsikiliza, hata yeye hakuamini.

Mpaka hapo nilikuwa tayari kukaa mle hadi waondoke wote. Chumba changu, godoro langu. Lakini kilio kile kilinishinda. Nimharibie mtoto wa watu ndoa kwa sababu nilikuwa nikitafuta vumbi?

Nikageuza ufunguo, nikatoka.

Hebu nioneni. Gauni la mikutano limejaa vumbi, utando wa buibui kichwani, mwavuli kwapani, mkono mmoja ufunguo wa mlango wa mbele, mwingine hamri lililoumwa. Mbele yangu mzee ameinua mchi. Nikasimama wima, nikasema kwa sauti yangu ya gwaride la asubuhi, "Hamjambo wageni. Mimi si jini wala mwizi. Mimi ndiye mwenye nyumba."

Bi Halima alinitazama kuanzia buibui hadi viatu. "Mwenye nyumba," akasema, "kumbe wewe hukaa humo?"

Nikajipangusa gauni, vumbi likapaa upya.

Zuhura akatoka jikoni. Akaliona hamri. Akautazama mlango wa mbele, akautazama ufunguo mkononi mwangu, akaelewa yote. Angeweza kunimaliza pale pale. Badala yake alikuja akanitoa utando kichwani, taratibu, kama anamtengeneza mtoto wa shule.

"Huyu ni Mwalimu, mama yetu hapa Voi," akawaambia. "Nilimwomba anionjee mahamri, maana sukari hunishinda kupima. Mwalimu, yamekolea?"

"Yamekolea," nikasema.

"Na huonjwa chumbani, mlango umefungwa?" Bi Halima akauliza.

"Huona haya kula mbele za watu," Zuhura akajibu bila kupepesa jicho.

Mzee wa mchi ndiye aliyeanza kucheka, mpaka kofia ikamwanguka. Wakafuata wengine. Bi Halima alicheka kuliko wote, akajifuta machozi kwa ncha ya leso, kisha akapigapiga kiti kilicho kando yake. "Njoo ukae hapa, Mwalimu, umalizie."

Nikakaa. Nikalila lile hamri mbele ya ujumbe mzima wa Taveta, wote wananitazama nikitafuna. Sijui kama nimewahi kula kitu kirefu namna ile.

Posa ikakubaliwa. Tena nikaombwa niseme neno kwa upande wa msichana, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao. Nikasema maneno mengi. (Mnanijua.) Mariamu akachungulia mlangoni akiwa na macho mekundu na uso wa furaha, na kwa hilo tu sijutii kutoka mle chumbani.

Wakati wa kuaga, Zuhura alinisindikiza hadi barabarani. Hakunilaumu hata kidogo. Alinyoosha tu mkono, kiganja juu, akangoja. Nikampa ufunguo.

"Ahsante, Mwalimu," akasema. "Siku ukitaka kuja, tuletee salamu tukupikie."

Harusi ni mwezi ujao, na nimeshaalikwa. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kazi ya kupangisha imenishinda. Mimi bado ndiye mwenye nyumba, ila kuanzia leo naingia kwa mwaliko. Na huyo anayecheka hapo nyuma, asije akaniomba chumba Voi.