Kamati Ndogo ya Kiuno

Nilikuwa na furaha kuutangazia umma kwamba kiuno, baada ya kuhangaika miaka mingi bila msimamizi, sasa kina kamati. Mwenyekiti wake nilikuwa mimi, Khalfani, afisa mwandamizi wa Idara ya Maadili, Mirindimo na Mikusanyiko.

Nieleze kwanza tulikotoka. Zamani burudani ya wakubwa ilikuwa na utaratibu. Kanga moko, ngoma ya kukata mauno ndani ya kanga moja, ilichezwa Temeke, kwenye ukumbi wa Bwana Muntasir, watoto wakishalala. Muntasir alikula kiingilio mlangoni, mpiga ngoma akala, mshereheshaji akala, na sisi Idara tukakaa viti vya mbele bure kwa ajili ya ukaguzi. Nilikagua kwa bidii. Kuna wiki nilikagua hata siku ambazo sikupangiwa. Kilichobaki alipewa mchezaji, pamoja na soda. Hakuna aliyelalamika, yaani hakuna tuliyemsikiliza.

Kisha zikaja simu. Tunu, mchezaji tegemeo wa ukumbi ule, alipanga chumba Tandika, akanunua taa ya duara, akafungua ukurasa wake wa kulipia mtandaoni. Anayetaka kumwona anathibitisha kwamba ni mtu mzima, anajiunga kama anavyojiunga bando, basi. Saa ya kucheza anapanga mwenyewe. Ramadhani ikiingia anafunga. Mtu akimtukana anamtoa kwa kidole gumba, wakati ukumbini kazi hiyo ilihitaji mabaunsa, na mtukanaji mara nyingi alikuwa mgeni rasmi. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, ukumbi ukabaki na viti na paka. Tunu akawa anakula jasho lake peke yake, na hapo ndipo sisi tulipogundua kwamba maadili yameporomoka.

Muntasir alikuja ofisini uso umemshuka.

"Mzee Khalfani, hawa watoto wanatumaliza. Mtu anajifungia chumbani na simu yake, anacheza, analipwa. Huu si uhuni?"

"Uhuni mtupu," nikamjibu. "Kwako ulikuwa utamaduni."

Kamati ikaundwa siku hiyohiyo: mimi, Bi Gladness wa ustawi wa jamii, Stanley katibu, na Muntasir kama mdau. Tukatunga Kanuni ya Kiuno, isemayo kwamba kiuno hakitazidi nyuzi arobaini na tano kutoka mahali kilipozaliwa. Stanley akaazima kipimapembe kwenye kebe la hesabu la mwanawe. Atakayekiuka, ukurasa wake utafungwa naye atarejeshwa ukumbini kwa malezi.

Tukamwita Tunu. Alikuja na baibui lake, akatuamkia vizuri, akaomba kuisimamisha simu mezani arekodi video ya kikao kwa kumbukumbu zake. Nikamruhusu kwa moyo mkunjufu, maana sisi ni watu wa uwazi.

"Unatuhumiwa kwa kile unachokifanya," alianza Bi Gladness.

"Kipi, mama?"

"Kile."

"Mwenyekiti," akasema Stanley, "muhtasari hauwezi kuandika 'kile'."

"Onyesha mwenyewe," nikamwagiza Tunu, "ili kamati ipime."

"Hapana, baba. Nikicheza hapa si ndo nimetenda kosa mbele ya serikali? Halafu mie siku hizi sichezi bure." Akamnyooshea Muntasir mdomo. "Mkiufunga ukurasa, ndo nirudi kwa huyu? Pale nilichezaga mpaka na homa, baba, na wewe ulikuwa umekaa mbele unapiga makofi. Ukaniona natetemeka, ukasema leo kaongeza vionjo."

Nikahisi kitu kifuani. Nikakiahirisha hadi kikao kijacho.

Ikabidi kosa lielezwe na wajumbe wenyewe. Bi Gladness akasimama, akasema Tunu huanzia kushoto, akaonyesha kidogo. Muntasir akapinga: huanzia kulia, yeye ndiye aliyemkuza. Naye akaonyesha. Stanley akawa anazunguka na kipimapembe, anapiga magoti nyuma ya huyu na yule, anasoma nyuzi kwa sauti. Tunu kakaa kwenye kiti, mikono mapajani.

"Nyote mnakosea!" nikafoka. Niliona aibu kwa niaba ya serikali. Nikachukua kanga ya Bi Gladness, nikaifunga juu ya suti, nikawaonyesha jinsi mauno yanavyokatwa. Nilishuka vizuri. Kupanda ndiko kulikokataa. Kitu kikalia mgongoni, kah, nikabaki nimeinama, makalio yametazama dirishani.

Kwenye bajaji sikuweza kukaa. Nilipelekwa hospitali nikiwa vilevile, kanga kiunoni, kichwa ndani, sehemu nyingine yote nje, nikiikiuka Kanuni ya Kiuno kuanzia mtaa hadi mtaa. Bodaboda wakapiga picha. "Mzee kaza!" wakaniita.

Picha zikafika kwa mkurugenzi, akaagiza muhtasari wa kikao. Stanley ni katibu mwaminifu, Mungu amsamehe. Aliandika: Kielelezo cha kwanza, Bi Gladness, nyuzi sitini. Kielelezo cha pili, Bwana Muntasir, nyuzi sabini. Kielelezo cha tatu, Mwenyekiti, kipimo hakikutosha. Mtuhumiwa: alikaa kwenye kiti.

Tunu akafutiwa tuhuma. Kamati ikavunjwa, na mimi nikasimamishwa kazi kwa kukata mauno katika ofisi ya umma. Nikakata rufaa. Hoja yangu ilikuwa nzito: sikucheza, nilifafanua, na kabla ya kuanza nilitamka wazi "kwa mfano tu". Ushahidi ulikuwa kwenye simu ya Tunu. Nikampigia.

"Shikamoo, baba. Mgongo unaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Naomba ile video ya kikao."

"Ipo, baba. Ipo kule ndani ya ukurasa. Jiunge tu kama wenzio."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Mbona ndo unaongoza kwa kutazamwa."

Nikathibitisha kwamba ni mtu mzima, nikajiunga. Nikatazama, sikusikia "kwa mfano tu". Nikaongeza sauti, nikarudia. Sikuitamka popote. Nimefumba macho, nakata mauno kwa raha zangu. Stanley ananiambia, "Imetosha, Mwenyekiti," nami namwambia anyamaze. Na ninatabasamu. Ndoa nimefunga, vyeo nimepanda, lakini tabasamu lile sijawahi kuliona kwenye picha yangu hata moja.

Rufaa nikaiondoa. Jioni, nikiwa nimelala kifudifudi, nikamwandikia Tunu kwa unyenyekevu, kumwuliza kama, kiuno kikipona, kungekuwa na nafasi ya mzee mmoja pale ukurasani, hata mara moja kwa mwezi.

Akanijibu:

"Leta maombi kwa maandishi, baba. Yatajadiliwa."