Madaftari Yaliyowahi Noeli

Jumatatu, 4 Novemba 1991
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mkuu wa shule, mzee Nsabimana, ametangaza kila mwanafunzi awe na daftari la kusoma: tarehe, kitabu, alichokielewa. Walimu tusahihishe. Kila siku! Mkaguzi anakuja Jumatatu ijayo, na atakayeaibisha shule atahamishiwa tawi letu la Kabuga, mbali nje ya mji. Kabuga! Mimi mtoto wa mjini, wa Nyamirambo, nigombanie basi kila alfajiri? Mwalimu Mukamana wa darasa la jirani akaniuliza kama nitaweza. Kwa sauti ile ya huruma. Simpendi.

Jumatano, 6 Novemba
Darasa zima tuna kitabu kimoja. Kinapita kwa zamu, kabla hakijafika dirishani kengele imelia. Mukamana anawasubiri wake wasome, kisha kila mmoja aandike mwenyewe. Mistari miwili, makosa tele. Anajitesa bure. Mimi niliandika ubaoni: "Leo nimesoma kitabu kizuri. Nimejifunza adabu." Wakanakili. Hapo nikapata wazo. Kwa nini tunakili kila siku? Wakajaza tarehe zote mpaka Noeli, nami nikasahihisha zote papo hapo. Vizuri sana, vizuri sana, mpaka mkono ukafa ganzi. Sishiki tena kalamu nyekundu mwaka huu!

Ijumaa, 8 Novemba
Mukamana ameyavika madaftari yake karatasi za mifuko ya saruji. Yamependeza, inaniuma kusema. Nikakimbilia kwa Sangwa mwenye duka, nikaomba kalenda za zamani. Zinang'aa! Ila hazikutosha, daftari la Kaze, mwanafunzi wangu, likabaki uchi. Nikachukua kalenda ya ofisini. Nani huwa anaitazama?

Jumatatu, 11 Novemba
Yebabawe, ole wangu! Kaze alibeba madaftari mpaka ofisini, mkaguzi akayasifu majalada. Roho yangu kwatu. Kisha mkaguzi akashika kalamu aandike ripoti, akauliza leo tarehe ngapi. Mzee Nsabimana akageukia ukuta. Msumari mtupu. Kaze, mtoto mwenye adabu, akasema kalenda iko kwenye daftari lake. Mkaguzi akashukuru, akaona tarehe, akafungua ndani. Siku ya Noeli Kaze alikuwa amesoma kitabu kizuri. Nami nilikuwa nimempa vizuri sana. Akaulizwa ni kitabu gani. Akajibu hajui, hakijamfikia bado, yeye anakaa dirishani.
Mukamana hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo limeniuma zaidi ya Kabuga.

Jumatatu, 18 Novemba
Kabuga. Vumbi, basi, mgongo. Hata huku wanataka madaftari ya kusoma! Nimekaa nikatafuta kosa langu, nimelipata: nilitanguliza tarehe. Safari hii tunaandika kurudi nyuma, tangu Septemba. Ya nyuma nani atayabishia? Mukamana alinipa bunda la karatasi za saruji tulipoagana. Nimeziacha kwenye basi. Ofisini hapa kuna kalenda kubwa, safi, ina picha ya ng'ombe.