Afisi ya Kusahau Upande wa Kulia

Wananchi wa Kericho na Bomet walitangaziwa, kwa vipaza sauti viwili na hema lililoazimwa kanisani, kwamba janga la kumbukumbu barabarani limepata dawa. Kuanzia siku hiyo, mtu yeyote aliyewahi kuendesha gari katika nchi ambako magari hupita kulia hangeruhusiwa kushika usukani hapa mpaka athibitishwe kwamba ameshasahau. Kila aliyesikia alielewa kwamba “mtu yeyote” maana yake ni mgeni. Kuthibitisha huko kulihitaji afisi, afisi ikahitaji mkurugenzi, na mkurugenzi akahitaji gari, dereva, kamati na pazia la kijani. Vyote vilipatikana. Afisi ya Kanda ya Usahaulifu wa Madereva ikafunguliwa Kapsoit, juu ya duka la mbolea, na Mkurugenzi wake, Mhandisi Bethwel, akawaambia waliohudhuria kwamba taifa lisilosahau haliendi mbele. Watu wakapiga makofi. Baadaye kulikuwa na soda.

Chelimo alipiga makofi kuliko wote. Alikuwa amesomea usimamizi wa umma chuo kikuu, akarudi nyumbani, akachuma majani chai ya mama yake akisubiri taifa limwite. Lilipomwita, lilimwita awe Katibu wa Kamati ya Usahaulifu. Hakucheka. Aliamini, kama anavyoamini mtu aliyetafuta kazi muda mrefu, kwamba serikali haiwezi kumlipa mtu afanye upuzi. Akanunua viatu vyeusi na kalamu mbili.

Mtihani Mhandisi aliutunga mwenyewe, na ulikuwa na swali moja: kwenu magari hupita upande gani? Aliyejibu sawasawa alianguka, kwa sababu anakumbuka. Aliyekosea pia alianguka, kwa sababu amemdanganya afisa wa serikali, na mwongo hafai kuendesha gari. Bi. Waringa, mweka hazina, aliwahi kuuliza mtu anafaulu vipi. Mhandisi akamwambia kwamba kamati haikuundwa ili kuwafanyia wageni kazi yao. Basi hakuna aliyefaulu, na makao makuu yakaitaja Kapsoit kuwa afisi yenye viwango vya juu kabisa nchini.

Ndipo akaja Spesiyoza.

Spesiyoza alikuwa Mrundi, ameolewa Kiptere na Robert, dereva wa malori ya Juba ambaye huonekana nyumbani kama mvua ya Januari. Alibaki na mama mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kogo, yaani nyanya. Figo za Kogo zilikuwa zimegoma, na mara mbili kwa wiki ilibidi apelekwe hospitali mjini akasafishwe damu kwa mashine. Aliyekuwa akiwapeleka ni jirani yao Nganga, mwenye duka, na Nganga alikuwa anahamia Nakuru mwisho wa mwezi. Probox ya Robert ilikuwepo uani, nzima. Spesiyoza alikuwa ameendesha magari Bujumbura tangu usichana wake. Kilichokosekana ni karatasi tu. Bila hiyo karatasi, Kogo angepanda boda, na mara ya mwisho alipopanda boda akitoka kwenye mashine alizimia njiani, akaokotwa mtaroni.

Mara ya kwanza Spesiyoza aliulizwa swali, akajibu, “Kulia.” Akaanguka.

Mara ya pili alisema amesahau. Mhandisi akaegemea mbele.

“Umesahau nini?”

“Kuendesha kulia.”

Kamati ikatazamana kwa huruma. Alipojaribu kusema kwamba Burundi na Kenya ziko katika Jumuiya moja, Mhandisi akamfahamisha kwamba Jumuiya iliunganisha mipaka, haikuunganisha pande za barabara. Chelimo aliuliza kwa nia njema kuhusu madereva wa malori kama Robert, ambao hubadilisha upande kila wanapovuka kwenda Juba na kila wanaporudi. Akajibiwa kwamba hao ni mizigo, na mizigo ina wizara yake.

Mara ya tatu Spesiyoza alinyamaza kimya, akaangushwa kwa kudharau kikao. Safari hiyo alikuwa amekuja na Kogo, aliyejifunga shuka, mikono imevimba, na Kogo akaomba kusema neno moja.

“Mzee, huyu mkamwana wangu hunibeba mgongoni kutoka kitandani mpaka choo. Hajanibeba upande mbaya hata siku moja.”

Mhandisi alimweleza kwa upole kwamba mgongo si barabara ya umma.

Walipotoka, Chelimo alibaki amesimama dirishani, akawaona wakivuka barabara pole pole, yule mkamwana akitembea kwa mwendo wa yule mgonjwa. Akamwuliza Mkurugenzi kama kanuni zina nafasi ya huruma. Mhandisi akamjibu kama baba. Huruma, alisema, ni kitu kizuri, tatizo lake haina bajeti.

Kulikuwa na jambo lenye bajeti. Mhandisi alikuwa amegundua kwamba kamati inapima usahaulifu wa kitu isichokijua, na hilo ni pengo la kitaalamu. Ikabidi kamati yote, pamoja na Morris dereva, iende ziara ya mafunzo Ulaya, ikajionee kulia ni nini. Chelimo hakuwekwa kwenye orodha, kwa kuwa lazima mtu afungue afisi asubuhi. Walikaa huko wiki mbili. Walirudi na kofia za sufu, chokoleti, na picha nyingi ambazo katika kila moja mjumbe tofauti alikuwa ameshika usukani wa gari lile lile jekundu.

Kikao cha kwanza baada ya ziara kilifanyika Alhamisi, chai ikiwa mezani. Mhandisi alikuwa na furaha. Kesho yake Katibu Mkuu wa wizara angefika mjini Kericho kumtunuku ngao ya Mkurugenzi Bora. Akasimulia jinsi alivyoendesha mwenyewe, bila Morris, kwenye barabara laini kama uso wa mtoto, upande wa kulia, saa nzima.

“Ni tamu,” alisema. “Mpaka leo nikifumba macho najiona niko kulia.”

Wajumbe wakacheka. Chelimo hakucheka. Rangi ilikuwa imemtoka, kwa sababu alimpenda Mkurugenzi wake na hakutaka apatwe na baya.

“Pole sana, Mhandisi,” alisema. “Sasa tukupangie kikao lini?”

“Kikao gani?”

“Cha kusahau.”

Mhandisi alicheka peke yake, kisha akaacha. Chelimo akamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba kanuni inasema mtu yeyote. Bi. Waringa akaweka kikombe chini na kusema yeye aligusa usukani kidogo tu, kwa ajili ya picha. Hapo kila mjumbe akaanza kueleza aligusa kiasi gani. Morris, aliyekuwa mlangoni, akautoa ufunguo wa gari la serikali mfukoni na kuuweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha mfupa wa mbwa.

“Boss, hapo tumejichoma sisi wote,” alisema. “Mimi nikigonga ng'ombe ya mtu leo, bima itaniuliza kama nilisahau.”

Ikaonekana kwamba katika afisi nzima aliyebaki na kumbukumbu safi ni Katibu peke yake. Kanuni ilisema mwenyekiti akiwa na doa, Katibu atakalia kiti. Mhandisi akalipenda wazo hilo. Akampisha Chelimo akisema akae hapo dakika moja tu, awapitishe, kisha kazi iendelee.

Chelimo akakaa. Akauliza foleni ikoje. Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa Spesiyoza, aliyefika tangu asubuhi na Kogo wake, maana Nganga alikuwa amekwisha kupakia duka lake kwenye lori na kesho ilikuwa siku ya mashine. Alikuwa ameileta Probox kinyume cha sheria, na alikiri hivyo kabla hajaulizwa. Mkurugenzi ikabidi akae kwenye benchi la nje, nyuma yao.

Kogo akamtazama kutoka kofia hadi viatu.

“Na wewe umetoka nchi gani?”

“Mimi ni wa hapa, Kogo. Wa Ainamoi.”

“Pole,” Kogo alisema. “Hata hivyo wanauliza.”

Ndani, Chelimo alikuwa anapata shida. Hakutaka kumpendelea mtu. Alisoma kanuni mara ya pili, akaona imeandikwa kwamba kamati itajiridhisha, lakini haikusema ijiridhishe kwa njia gani. Akafikiri. Halafu, kwa kuwa alikuwa mgeni kazini na hakujua yasiyofanywa, akamwambia Spesiyoza waende barabarani amwone akiendesha.

Tangu afisi ifunguliwe hakuna mwombaji aliyewahi kuambiwa aendeshe gari. Mhandisi alisimama kwenye benchi kupinga utaratibu huo wa kigeni. Chelimo akamwonyesha, kwa masikitiko, bango la ukutani alilolibandika Mhandisi mwenyewe: waombaji hawasemi mpaka waulizwe.

Waliteremka na Probox kuelekea njia ya Kiptere, Kogo kiti cha nyuma. Spesiyoza alishika kushoto na kukaa kushoto. Aliwapisha ng'ombe. Alimpisha mama aliyebeba kapu la majani chai. Kila penye shimo alipunguza mwendo, na Chelimo akatambua kwamba hapunguzi kwa ajili ya mtahini, anapunguza kwa ajili ya yule aliye nyuma, ambaye kila mtikisiko ulimfanya ashike ubavu. Waliporudi, Chelimo alisema ameridhika. Muhuri ukagongwa, dirisha la pili likatoa leseni ya muda, na Spesiyoza akaishika kwa mikono miwili.

“Anayefuata,” Chelimo alisema.

Mhandisi Bethwel alishuka hadi kwenye gari la serikali, akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akasubiri. Chelimo naye akasubiri kwa adabu.

“Mhandisi,” alisema hatimaye, “ni mbele.”

Akahamia mbele. Akatafuta kiti kinavyosogezwa. Akatoka langoni vizuri kabisa, akakata kona, akanyoosha kulia moja kwa moja, mpaka akakutana na trekta la majani chai lililokuwa linakuja upande wake halali. Mwenye trekta alizima injini. Hakutukana. Alimtazama tu Mhandisi vile mtu anavyomtazama ng'ombe wa jirani aliyesimama katikati ya mahindi yake.

“Umeanguka, Mhandisi,” Chelimo alisema kutoka kiti cha pembeni, machozi yakimlengalenga. “Usife moyo. Unaweza kujaribu tena wiki ijayo.”

Ijumaa asubuhi Mkurugenzi alisimama kando ya barabara Kapsoit kwa suti ya bluu. Hapakuwa na matatu wala boda, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameagiza zote zikodishwe ziwapeleke wananchi mjini kumshangilia. Chelimo alisimama naye, maana ni vibaya kumwacha mkubwa peke yake. Wa kwanza kusimama alikuwa Spesiyoza.

“Panda, mzee,” alisema Kogo kutoka kiti cha mbele. “Lakini hii gari ni ya hospitali.”

Mjini barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya Katibu Mkuu. Askari alikuwa na amri ya kupitisha wagonjwa tu na wanaowahudumia. Spesiyoza alimwonyesha Kogo, akajionyesha mwenyewe, na Chelimo akasema yeye amemshikia Kogo mkoba. Mhandisi alianza kutaja cheo chake, na askari akasema wenye vyeo walipita saa mbili, kwa msafara.

“Huyo pia ni mgonjwa,” Kogo alisema. “Jana nusura auawe na trekta.”

Askari aliangalia jasho la Mhandisi, akaona ni kweli. Akaandika: wagonjwa wawili.

Hospitali ilikuwa mkabala na uwanja wa sherehe. Kogo aliunganishwa na mashine, damu yake ikaanza kuzunguka, na Spesiyoza akavuta kiti karibu na kitanda, akapumua kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Chelimo alisikia kupitia dirisha vipaza sauti vikimwita Mhandisi Bethwel aje achukue ngao yake. Mhandisi alikuwa tayari langoni. Chelimo akamfuata.

Bawabu wa lango alikuwa mtu mpole mwenye koti la mvua. Alikuwa ameagizwa, kwa siku hiyo ya ugeni, kwamba aliyeingia kama mgonjwa asitoke ovyo akawazurulia wakubwa barabarani.

“Unajisikiaje, mzee?” aliuliza.

“Mimi ni mzima kabisa.”

“Basi ulimdanganya askari pale juu. Ngoja nimwite.”

“La, la. Siko mzima sana.”

“Basi rudi ukakae, daktari akuone.”

“Daktari yuko wapi?”

Bawabu alinyoosha kidole kuelekea uwanjani. Daktari alikuwa amealikwa kushangilia.

Vipaza sauti vilimwita mara ya pili, kisha mara ya tatu, kisha vikamwita mtu mwingine, na watu wakashangilia vile vile. Mhandisi akamgeukia Chelimo kwa sauti ambayo Chelimo hakuwahi kuisikia kwake.

“Sasa hapa mtu anajibu nini?”

Chelimo alifikiri kwa bidii, kwa kuwa aliulizwa na mkubwa. Alimrudisha ndani akimshika kiwiko, wakakaa kwenye benchi la wagonjwa, na watu waliokuwa wamekaa hapo tangu alfajiri wakasogea kidogo, bila kuambiwa, wakawapa nafasi.